Kabla Hujanunua Maswali Magumu

Miezi mitatu iliyopita, siku ya Jumapili baada ya Swala ya Alasiri, shemeji yangu alinijia nyumbani akifuatana na binti yake mkubwa. Tulisalimiana, tukajuliana hali, kahawa ikaletwa. Kikombe cha pili kilipokwisha, shemeji alitoa bahasha mfukoni mwa kanzu yake, akaiweka juu ya meza na kuifunika kwa kiganja.

“Shemeji,” alisema, “humu mna fedha nilizoziweka kwa ajili ya kupaua nyumba. Mtoto anasema anahitaji kununua maswali magumu zaidi ya mtihani wake. Mimi ni muuza vipuri vya magari, mambo haya siyajui. Wewe umefundisha hisabati miaka yote hii. Niambie, nitoe au nisitoe?”

Mpwa wangu huyo ni mhasibu. Amefanya kazi kwa miaka minne, na sasa anataka kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika chuo cha nje. Vyuo vingi vya namna hiyo hupokea, na baadhi yake hudai, alama za mtihani uitwao GMAT. Alikwisha kuufanya mara moja akapata 565, naye alikuwa anatafuta 645. Lakini nyumbani, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akipata maswali kumi na nane katika kila ishirini.

“Mjomba,” alisema kwa adabu, lakini bila ya kusita, “ikiwa nyumbani napata karibu yote na kwenye mtihani naanguka, basi maswali yangu ni mepesi. Nikiyazoea yaliyo magumu zaidi, ya mtihani yataniwia rahisi.”

Hoja hii husikika mara nyingi katika nyumba zetu. Mzazi wa mtoto wa darasa la saba huisema, na wa kidato cha nne vilevile. Kwa nje ina sura ya ukweli. Nilimwomba shemeji airudishe bahasha mfukoni kwa muda, ili kwanza tuupime ukweli huo. Niliyoyaona nayaandika leo kwa sababu naamini ziko bahasha nyingine nyingi mezani zinazosubiri jibu.

Mtihani wenyewe ukoje

GMAT ulianza mwaka 1954, ukiwa ni kipimo cha pamoja cha vyuo vya biashara vya Marekani. Tangu mwaka 1997 watahiniwa huufanya kwa kompyuta, ambayo huwachagulia maswali. Mwishoni mwa mwaka 2023 ulibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na mwanzoni mwa 2024 muundo wa zamani ukasitishwa. Hivi sasa una sehemu tatu: hoja za hisabati, maswali 21, hoja za lugha, maswali 23, na uchambuzi wa taarifa, maswali 20. Kila sehemu hupewa dakika 45. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo, na mapumziko ya dakika kumi kwa anayeyataka. Insha, jiometri na kusahihisha sentensi za Kiingereza vimeondolewa. Alama huanzia 205 na kuishia 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Kwa wale ambao kaka na dada zao waliufanya ule wa zamani, 645 ya sasa hulinganishwa na 700 ya wakati ule.

Jambo kubwa la kulielewa ni namna kompyuta inavyochagua maswali. Mfikirie mwalimu wa chuoni anayempokea mwanafunzi mgeni. Haanzi naye pagumu. Humpa sura fupi. Akiisoma vizuri humpeleka mbele, akikwama humrudisha nyuma kidogo, hata ajue hasa mwanafunzi huyo amefika wapi. Ndivyo GMAT ufanyavyo. Ukijibu vizuri, swali linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi; ukikosea, huelekea kuwa jepesi zaidi. Alama zako hazitokani na kuhesabu tu maswali uliyopata, bali hutazamwa pia kiwango cha yale uliyopata na yale uliyokosa.

Hapa pana mambo mawili ambayo mzazi na mtahiniwa wanapaswa kuyashika. La kwanza, mtahiniwa hayafikii maswali magumu mpaka aonyeshe kuwa ya wastani ameyamudu. La pili, kukosa swali jepesi humwumiza mtahiniwa kuliko kukosa gumu, kwa kuwa la gumu lilitarajiwa kumshinda, la jepesi halikutarajiwa. Tena, anayeacha maswali bila ya kuyajibu muda unapokwisha hukatwa alama.

Makosa saba

Waandaaji wa GMAT hutoa bila ya malipo, katika tovuti yao ya mba.com, mitihani miwili kamili ya majaribio. Kompyuta huichagulia maswali kwa utaratibu uleule wa mtihani halisi. Mpwa wangu alikuwa hajaigusa yote miwili. Alikuwa akiiweka akiba kwa siku za mwisho, kisha mtihani ukamfikia na akiba yake mkononi.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani kwangu, akakaa chumba cha ndani, simu ikazimwa, akaufanya wa kwanza kwa saa mbili na robo. Matokeo hayakuwa mbali na yale ya mtihani wake wa kweli. Katika hoja za hisabati alikosa maswali saba kati ya 21. Sikumwonyesha majibu. Nilimpa chai, nikamwacha apumzike, kisha nikamwandikia maswali hayo saba kwenye karatasi tupu, nikamwambia ayafanye tena bila ya saa.

Manne kati ya saba aliyapata, tena mawili kwa chini ya dakika moja. Mawili hakujua njia yake, kwa kuwa alikuwa amesahau kanuni za vipeo na namna ya kupanga milinganyo miwili yenye mafumbo mawili. Lililobaki ndilo tu lililokuwa gumu kweli.

Nilipomuuliza muda ulikwendaje, alikiri kuwa swali moja la katikati lilimchukua karibu dakika sita. Hakutaka kulishindwa. Kwa sababu hiyo maswali manne ya mwisho aliyafanya kwa dakika tatu, na mawili kati ya yale mepesi aliyokosa yalikuwa humo. Kwa hesabu ya kawaida, dakika 45 kwa maswali 21 ni dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali. Aliyetumia dakika sita kwa swali moja amekopa kwa majirani zake, na hana atakapolipia.

Nilimwita shemeji kwa simu nikamwambia: “Fedha zako zingenunua dawa ya kosa moja katika makosa saba.”

Je, zile kumi na nane katika ishirini za nyumbani zilitoka wapi? Aliniletea kitabu chake. Kilikuwa kimepangwa kwa mada: sura ya asilimia, sura ya uwiano, sura ya mwendo. Anayefanya maswali ishirini ya uwiano mfululizo hahitaji kulitambua swali. Sura yenyewe imekwisha kumwambia kuwa ni la uwiano. Kwenye mtihani hakuna sura. Swali huja peke yake, na nusu ya kazi ni kujua ni la namna gani. Zaidi ya hayo alikuwa akifanya bila ya saa, na majibu yako ukurasa wa pili. Mazingira ndiyo yaliyokuwa mepesi, si maswali.

Kwa hiyo kwa majuma sita tulifuata utaratibu mwepesi wa kueleza na mzito wa kutekeleza. Kila jioni alifanya maswali ya wastani yaliyochanganywa mada zote, kwa saa. Likipita dakika tatu bila ya njia kuonekana, alichagua jibu lililoelekea na kusonga mbele. Mtihani wa sasa humruhusu mtahiniwa kutia alama maswali, na akimaliza sehemu huku muda umebaki, anaweza kurudi na kubadilisha hadi majibu matatu. Kila kosa aliliandika katika daftari kwa mistari mitatu: nilifikiri nini, nilipaswa kuona nini, na nitaijuaje hali hii nikikutana nayo tena. Baada ya juma moja alilirudia swali lile bila ya kulitazama jibu.

Juma la saba aliufanya mtihani wa pili wa majaribio. Shemeji alikuwapo. Binti alitoka chumbani akasema, “Mjomba, safari hii nimekosa sita.” Baba yake aliinamisha kichwa. Majuma sita ya kujinyima usingizi, na faida ni swali moja!

Lakini alama zilikuwa zimepanda kwa kiasi kikubwa, mpaka karibu na lengo lake. Sababu ni ile tuliyoieleza: kwa kuwa hakuanguka katika mepesi, kompyuta ilimpandisha na kumpa maswali ambayo mara ya kwanza hakuyaona kabisa. Nilimpa yale sita kwenye karatasi tupu kama awali. Alipata moja tu. Matano yalikuwa magumu kweli.

“Mjomba,” alisema, “sasa ndipo ninapohitaji maswali magumu.”

“Sasa ndipo,” nilimjibu.

Ugumu wa aina mbili

Kabla ya kusema maswali hayo yanapatikana wapi, yafaa tujue tunatafuta kitu gani. Kuna swali gumu kwa sababu ya kuchosha, na kuna swali gumu kwa sababu ya kufikirisha. La kwanza lina namba za tarakimu tano, sehemu zilizorundikana, na hatua kumi na mbili za kuzidisha. GMAT hauliulizi. Katika sehemu ya hisabati kikokotoo hakiruhusiwi, na hisabati yenyewe ni ya sekondari: hesabu na aljebra. Ugumu wake umefichwa mahali pengine.

Tazama mfano huu nilioutunga kwa namna ya maswali yao ya utoshelevu wa taarifa, ambayo siku hizi yamo katika sehemu ya uchambuzi wa taarifa. Mtahiniwa haulizwi jibu ni ngapi, bali huulizwa kama taarifa alizopewa zinatosha kulipata jibu.

Ikiwa n ni namba nzima, je, n ni shufwa? Taarifa ya kwanza: ukijumlisha n na kipeo cha pili cha n, jumla ni shufwa. Taarifa ya pili: ukizidisha n kwa tatu kisha ukaongeza moja, unapata witiri.

Namba ni ndogo, maneno ni machache. Wengi hujibu kwamba kila taarifa inatosha peke yake, nao wamekosea. Kipeo cha pili cha n pamoja na n ni sawa na n mara namba inayoifuata. Katika namba mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa, kwa hiyo zao lake ni shufwa daima, n iwe shufwa au iwe witiri. Taarifa ya kwanza basi haikutuambia lolote. Ya pili inatosha: mara tatu ya n pamoja na moja ikiwa witiri, mara tatu ya n ni shufwa, na n mwenyewe ni shufwa. Jibu ni kwamba taarifa ya pili peke yake inatosha. Kila mwenye kuswali shufwa na witiri anajua maana ya maneno haya. Kinachomponza mtahiniwa ni haraka.

Katika hoja za lugha ni hivyohivyo. Muuza nguo alipunguza bei mwezi wa Ramadhani, mauzo yakapanda, akahitimisha kuwa punguzo ndilo lililoleta wateja. Ni maelezo gani, yakiwa kweli, yanadhoofisha zaidi hitimisho lake? Jibu moja lasema: “Baadhi ya wateja hawakujua kuwa bei imeshuka.” Jingine lasema: “Maduka ya mtaa huo ambayo hayakupunguza bei nayo yaliongeza mauzo kwa kiwango kilekile.” La kwanza huvutia, lakini “baadhi” huweza kuwa watu wawili katika mia tano. La pili ndilo linalovunja hoja, kwa sababu laonyesha ongezeko lile lingeweza kutokea bila ya punguzo. Habari yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu uliwekwa katika majibu mawili yanayokaribiana.

Kwa hiyo msomaji akiuziwa kitabu cha “maswali magumu kuliko mtihani”, na afungue kurasa mbili tatu. Akikuta hesabu ndefu zisizo na njia ya mkato, au majibu mawili ambayo hata mtunzi hawezi kueleza kwa nini moja ni bora, akirudishe kitabu rafuni. Hata maswali ya mashindano ya hisabati ya vijana, pamoja na utamu wake, humpeleka mtahiniwa katika elimu ambayo GMAT hauipimi.

Wapi pa kuyapata

Chimbuko la kwanza ni waandaaji wenyewe. Kitabu chao rasmi, kinachotolewa upya mara kwa mara, hupanga maswali kwa viwango vitatu: mepesi, ya wastani na magumu. Pamoja nacho mnunuzi hupata hazina ya maswali mtandaoni, ambamo anaweza kuchagua kiwango anachotaka na kujiwekea muda. Viko pia vitabu vyao vidogo vya sehemu mojamoja, kwa aliye dhaifu mahali pamoja tu. Haya ni maswali yaliyowahi kutumika na kustaafishwa, kwa hiyo ugumu wake ni ule wa mtihani wenyewe. Mitihani ya ziada ya majaribio nayo inauzwa na waandaaji haohao. Isinunuliwe kwa pupa na kumalizwa kwa juma moja, bali mmoja kwa kila majuma mawili au matatu.

Chimbuko la pili ni kitabu chao cha mwaka 2019 kilichokusanya maswali magumu 300 ya hisabati na lugha. Mwenye kukipata kwa mkono wa pili amepata kitu, ila akumbuke kuwa kilitolewa kabla ya mabadiliko. Aruke sehemu nzima ya kusahihisha sentensi, aruke na maswali ya jiometri, abaki na yaliyosalia.

Chimbuko la tatu huwashangaza wengi. Ni mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, uitwao LSAT. Maswali yake ya kupima hoja yanafanana kwa umbo na yale ya GMAT, na kwa kawaida ni makali zaidi. Vifungu vyake vya kusoma ni vizito. Waandaaji wa mtihani huo wana tovuti iitwayo LawHub ambayo humpa aliyejisajili baadhi ya mitihani ya majaribio bila ya malipo. Mafumbo ya kupanga watu na vitu, yaliyokuwamo katika LSAT ya zamani na kuondolewa mwaka 2024, hayamhusu mtahiniwa wetu, ayapite.

Chimbuko la nne halina bei: ni mkono wa mtahiniwa mwenyewe. Achukue swali la wastani alilokwisha kulipata, aligeuze. Mfano: bidhaa ilipandishwa bei kwa asilimia 20, kisha ikashushwa kwa asilimia 20, bei mpya ni ngapi? Kilichokuwa 100 kimekuwa 120, kisha 96. Hilo ni jepesi. Sasa aulize kinyume chake: baada ya kupanda asilimia 20, ishuke kwa asilimia ngapi ili irudi ilipokuwa? Si 20, bali 20 gawanya kwa 120, yaani asilimia 16 na theluthi mbili. Aulize tena: bei ilipanda na kushuka kwa asilimia ileile, mwisho ikawa pungufu kwa asilimia 36, asilimia hiyo ni ngapi? Hapa ni lazima aone kwamba upungufu ni kipeo cha pili cha asilimia hiyo kilichogawanywa kwa mia, na jibu ni 60. Mwenye kuyatunga maswali kama haya matatu kila jioni atajifunza namna mtunzi anavyofikiri, na mtego autegaye mtu mwenyewe si rahisi kumnasa.

Na akishayapata magumu, asiyabugie. Maswali matano kwa jioni yanatosha. Kila moja alifanye kwa saa kwanza. Kisha, amepata au amekosa, alirudie bila ya saa kwa njia ya pili. Mwisho aeleze kwa maneno kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi. Swali moja gumu lililotafunwa kwa nusu saa lina faida kuliko hamsini yaliyopitiwa kwa macho.

Maswali yasiyo halali

Yuko muuzaji wa namna nyingine, naye namtaja kwa uzito. Huyu haahidi maswali magumu tu. Hunong'ona kuwa anayo maswali yenyewe, yale yanayotumika mwezi huu. Kila anayejisajili kwa GMAT hukubali kwa maandishi kuwa hatayatoa maswali hayo nje wala hatayatumia ya waliotangulia. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni amana. Mwaka 2008 mahakama ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya tovuti moja iliyosambaza maswali ya namna hiyo, na wamiliki wa mtihani wakafuta alama za watahiniwa kadhaa walioitumia na kuviarifu vyuo walikopeleka alama zao. Mzazi aliyetoa fedha kwa nia njema anaweza kujikuta amemnunulia mwanawe fedheha. Elimu inayotafutwa kwa njia hiyo haina baraka, na hata kwa hesabu za dunia haina faida.

Nafasi ya familia

Shemeji aliniuliza siku moja, kwa unyonge kidogo, yeye asiyejua aljebra atamsaidiaje mwanawe. Nilimwambia mambo matatu, nayo nawaambia wazazi wote.

La kwanza ni utulivu wa dakika 45. Katika nyumba zetu msichana aliyeketi na kitabu huonekana kama aliyeketi bure; ataitwa kuokota hiki na kupokea kile. Dada yangu alikubali kwamba kati ya Isha na kulala binti huyu asiitwe, na wadogo zake wakapokea zamu ya vyombo. Hilo peke yake lilikuwa na thamani kuliko mafunzo mengi ya kulipia.

La pili ni kusikiliza. Mzazi hahitaji kujua hisabati ili aulize, “Mwanangu, hebu nieleze kwa nini jibu lile jingine si sahihi.” Akieleza hata muuza vipuri akaelewa, amelielewa. Akikwama katikati ya maelezo, amejua mahali pa kurudi. Nimemwona shemeji akibishana na binti yake kuhusu lile swali la muuza nguo kwa robo saa nzima, na sijui ni nani aliyefaidika zaidi.

La tatu ni kutompima mtoto kwa idadi ya maswali aliyokosa. Katika mtihani unaopandisha ugumu kadiri mtu anavyopanda, aliyekosa sita leo anaweza kuwa mbele sana ya aliyekosa saba jana. Muulizeni amekosa maswali ya namna gani, na kwa sababu ipi. Na mtihani ukimshinda mara moja, si mwisho wa njia: baada ya siku 16 anaruhusiwa kuurudia, hadi mara tano katika miezi kumi na miwili, na alama asizozipenda si lazima azitume chuoni. Lakini kila mara ina ada yake, na ada hiyo inatoka mahali fulani katika nyumba.

Ama ile bahasha, tuliifungua pamoja. Tulitoa fedha za kitabu rasmi kimoja, za mtihani mmoja wa ziada wa majaribio, na za ada ya kurudia mtihani. Zilizobaki shemeji alizirudisha mfukoni, na mwezi huu nyumba yake imepata mabati ya upande mmoja. Binti atafanya mtihani juma la tatu la mwezi ujao, inshaallah. Kila jioni hufanya maswali yake matano magumu, na daftari lake la makosa limekaribia kujaa. Siku hizi, akikosa, haulizi tena maswali mengine yako wapi. Hulifungua daftari.